Kibali cha kuvusha mizigo juu ya njia ya waenda kwa miguu unapotengeneza bustani ya nyumbani

Bustani inapoanza kutengenezwa, mawazo yote huwa ndani ya ua: nyasi ziwe wapi, mti upandwe pembe ipi, kijia kipite vipi. Lori la kwanza linapofika ndipo mwenye nyumba anapoona kwamba kati ya lori na geti lake kuna ukanda usio wake. Udongo, kokoto, mawe, mikeka ya nyasi na miche vyote vitapita juu ya njia ya waenda kwa miguu, na baadhi ya mzigo huenda ukalala hapo kwa saa kadhaa. Katika miji mingi ni kosa kufanya hivyo bila ruhusa ya mwenye njia. Na hata pale ambapo hakuna afisa anayepita kukagua, mtu akiteleza juu ya kokoto zako akavunjika mguu, utakayetafutwa ni wewe.

Mpangilio unaofaa ni huu: hesabu kwanza, kibali pili, kuagiza mzigo mwisho. Wengi huugeuza. Wanaagiza lori, wanapewa tarehe, kisha wanakimbilia ofisini kuomba kibali cha kesho kutwa. Afisa hana la kufanya, mafundi wameshalipwa siku, na mzigo unashushwa kwa wizi alfajiri, pasipo ulinzi wowote kwa wanaopita. Mpangilio tu ungeiondoa shida hiyo yote.

Mjue mwenye njia

Ukuta au uzio wako si lazima uwe ndio mpaka wa kiwanja. Ule ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara, ambao pengine ni wewe unayeumwagilia kila jioni, mara nyingi ni sehemu ya hifadhi ya barabara. Toa ramani ya kiwanja, tafuta bikoni, yaani alama za mpaka, pima.

Kisha ulizia barabara yenyewe iko chini ya nani. Mtaa wa kawaida huwa chini ya halmashauri ya mji au manispaa. Barabara kuu inayopita mbele ya nyumba inaweza kuwa chini ya mamlaka ya barabara ya mkoa au ya taifa, ingawa taa na usafi ni kazi ya manispaa. Kwenye makazi yenye uzio na geti la pamoja, njia zinaweza kuwa mali ya umoja wa wamiliki, na hapo ruhusa hutolewa na kamati yao. Piga simu moja, uliza idara inayotoa vibali vya kutumia hifadhi ya barabara, na ukiwa bado hewani uliza mambo matatu: fomu inapatikana wapi, kibali huchukua siku ngapi za kazi, na kama kuna dhamana ya kuweka. Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua ratiba yako yote ya bustani.

Hesabu mizigo kwa kilo, si kwa macho

Hapa ndipo ombi zuri linapojengwa, na ndipo watu wengi wanaporuka. Afisa anayesoma "nitaleta udongo kidogo na mawe" hana namna ya kujua kama unazungumzia toroli kumi au malori matatu, na akiwa na shaka atakataa au atairudisha fomu.

Kanuni ni rahisi: eneo kwa mita za mraba, zidisha kwa kina kwa mita, unapata mita za ujazo. Baada ya hapo geuza kuwa uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo wa bustani wenye unyevu wa kawaida ina uzito wa kama tani moja na nusu. Kokoto ni tani 1.5 hadi 1.7. Mchanga mkavu hukaribia tani 1.6, na ukilowa unaweza kukaribia tani mbili. Matandazo ya vipande vya mbao ni mepesi zaidi, kati ya kilo 300 na 500 kwa mita ya ujazo. Matofali ya zege ya kupangia uwanja yenye unene wa sentimita 6 yana uzito wa kama kilo 130 hadi 140 kwa kila mita ya mraba. Mikeka ya nyasi, ikiwa na udongo wake, hufika kilo 20 kwa mita ya mraba na huzidi hapo ikinyeshewa.

Tuchukue bustani ya mita za mraba 60 inayohitaji udongo mpya wa kina cha sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 9, yaani tani 13 na zaidi. Udongo uliolegea hushuka ukitulia, kwa hiyo ongeza asilimia 10 hadi 20. Kijia cha mita za mraba 20 kitataka matofali yenye uzito wa tani 2.7 hivi, na kitako cha kokoto cha sentimita 10 chini yake ni mita za ujazo 2, tani 3 na ushei. Nyasi za eneo lote zinaongeza tani moja na zaidi. Bustani ndogo ya nyumbani, kumbe, inavusha zaidi ya tani 20 juu ya njia ya miguu.

Hesabu hiyo hiyo inakupa muda. Toroli ya kawaida ikijazwa bila kumwaga hubeba kama lita 60 za udongo, ambazo ni karibu kilo 90. Mita za ujazo 9 ni safari 150. Kila safari ikichukua dakika tatu, mtu mmoja atafanya kazi saa saba na nusu bila kupumzika. Watu wawili wenye toroli mbili watamaliza kwa karibu saa nne, ukiacha mapumziko. Ukiandika kwenye ombi "njia itatumika kwa saa tano, na rundo halitalala usiku", nyuma ya maneno hayo kuna hesabu, na afisa ataiona.

Amua mzigo utavuka kwa namna gani

Kuna namna nne, na kila moja ni ombi la aina yake.

Ya kwanza, lori linasimama barabarani na watu wanavusha mzigo kwa toroli au mikononi. Hii ndiyo yenye madhara madogo kwa njia, na katika sehemu nyingi inahitaji tu ruhusa ya kusimamisha lori pale na kuzuia maegesho kwa saa hizo. Ya pili, lori lenye kreni linasimama barabarani na kuinua mifuko mikubwa au paleti juu ya njia hadi ndani ya ua. Ya tatu, gari au mtambo mdogo wenyewe unakanyaga njia na kuingia ndani. Ya nne, mzigo unashushwa juu ya njia au ukingoni mwa barabara na kukaa hapo, iwe kama rundo, kama mifuko, au ndani ya kontena la wazi la kubebea kifusi.

Majina ya vibali hutofautiana kwa mji na mji. Idara ya usafirishaji ya jiji la New York, kwa mfano, hutenganisha kibali cha kuvusha mtambo juu ya njia ya miguu na kile cha kuweka vifaa mtaani. Nchini Uingereza, kontena la kifusi haliwekwi barabarani bila ruhusa ya mamlaka ya barabara, kwa mujibu wa sheria ya barabara ya mwaka 1980. Popote ulipo, tarajia kwamba "kuvuka" na "kuweka" vinahesabiwa kuwa mambo mawili, na ukifanya yote mawili uliombee yote mawili. Nimeona kazi ikisimamishwa kwa sababu kibali kilisema kuvusha, na paleti tatu za matofali zikakutwa zimelala juu ya njia asubuhi ya siku ya pili.

Ushauri wangu: pale unapoweza, chagua mifuko mikubwa badala ya mzigo wa kumwaga. Udongo uliomwagwa na tipa husambaa, huchafua mtaro, na mwisho wake ni kukwangua sakafu kwa sepetu. Mfuko mkubwa unakaa palepale ulipowekwa, una vipimo vinavyojulikana, na unaweza kuuonyesha kwenye mchoro. Kama una njia ya gari iliyojengwa kuingia getini, mzigo wote upitie hapo hata kama ni mbali kidogo na eneo la bustani, kwa kuwa kipande hicho cha njia ya miguu huwa kimejengwa kwa ajili ya magurudumu.

Kwa kreni kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuiweka kwenye ombi. Nyaya za umeme zilizo juu ndizo za kwanza: ziandike kwenye mchoro na uulize kampuni ya umeme umbali unaotakiwa. Jambo la pili ni kwamba nguvu ya kreni hupungua kadiri mkono unavyonyooka, kwa hiyo mpe mwenye lori umbali halisi kutoka barabarani hadi mzigo unapotua. La tatu ni miguu ya kreni, ambayo hukandamiza uzito mkubwa kwenye sehemu ndogo. Isikanyage njia ya miguu, na kama haina budi, iwekwe juu ya mabamba mapana. Mzigo ukiwa hewani juu ya njia, hakuna mtu anayepita chini yake, hata mwenye haraka namna gani.

Kwa nini wanauliza uzito wa gari

Watu huudhika na swali hili. Gari litapita mara moja tu, kwa nini niorodheshe ekseli zake, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya kushoto na kulia?

Sababu ni kwamba njia ya miguu imejengwa kwa ajili ya miguu. Zege lake mara nyingi lina unene wa kama sentimita 10, ilhali sehemu ya kuvukia magari hujengwa sentimita 15 au zaidi. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa mfululizo juu ya barabara zilizojengwa kwa ajili ya majaribio. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo, ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo kama kipimo cha haraka, ni kwamba madhara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito mara mbili, madhara yanakuwa mara 16. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani moja huleta madhara kama mara 10,000. Majaribio yale yalikuwa ya barabara. Kibamba chembamba cha njia ya miguu kina hali ngumu zaidi. Na ufa hauonekani siku hiyo hiyo. Maji yanaingia taratibu, udongo wa chini unalainika, na baada ya misimu michache kipande kimoja kimezama na kingine kimeinuka, tayari kumwangusha mtu.

Chini ya njia hiyo pia kuna mabomba ya maji, nyaya za simu na intaneti, pengine gesi. Tazama mifuniko ya chemba. Kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 124, ambacho hutumika pia katika nchi nyingi nyingine, mfuniko huandikwa daraja lake: A15 umepimwa kwa mzigo wa kilonyutoni 15, yaani kama tani moja na nusu, na ni wa mahali pa watu na baiskeli tu, B125 ni kama tani 12.5, D400, wa barabarani, ni kama tani 40. Ukikuta A15 au ukikuta mfuniko usio na alama yoyote, gurudumu la lori lisiukaribie. Uweke kwenye mchoro na uandike kando yake "hautakanyagwa".

Picha na vipimo vya kabla

Fanya hili kabla ya kujaza fomu, mchana, njia ikiwa kavu. Piga picha ya njia nzima mbele ya kiwanja chako na mita chache kila upande. Kisha sogelea: kila ufa, kila kona iliyomeguka, kila jiwe la ukingo lililolegea, kila mfuniko. Laza futi ya kupimia kando ya ufa ili upana wake usomeke. Picha hizi ndizo zitakazokurudishia dhamana yako, kwa kuwa bila hizo ufa wa miaka mitano iliyopita unaweza kuandikwa kwa jina lako. Ziambatanishe na ombi lenyewe, usizifiche hadi mgogoro utokee.

Pima upana wa njia mahali penye wembamba zaidi, ukiondoa nguzo, mti na pipa la taka. Kipimo hiki kinahitajika kwenye hatua inayofuata, na hiyo kwangu ndiyo kiini cha jambo zima.

Mpitishe kila mtu salama

Kibali kipo kwa ajili ya mtu asiyekujua: mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye mkongojo, kijana kwenye kiti cha magurudumu, mtu asiyeona anayejua njia hii kwa kuhesabu hatua. Kwao njia ikizibwa, barabara ndiyo inayobaki.

Acha upana wazi usiopungua mita 1.2. Kiti cha magurudumu kina upana wa sentimita 70 hivi, na mtu asiyeona anayeongozwa na mwenzake huhitaji kama mita 1.2 ili wapite bega kwa bega. Mita 1.5 ni bora zaidi, kwa kuwa mwenye kiti anaweza kugeuka. Kama njia yako ina mita 1.8 na paleti ina mita moja, hesabu inakataa: paleti haiwezi kukaa hapo. Itafutie mahali pengine kabla afisa hajakuambia.

Ikibidi njia ifungwe kabisa kwa muda, una namna mbili. Ya kwanza ni kutenga ukanda wa kupita barabarani, kati ya lori na magari, ukiwa na vizuizi imara pande zote na ubao wa mteremko wa kushukia na kupandia ukingo. Mteremko usizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu. Hii karibu kila mahali inahitaji idhini ya ziada, kwa kuwa unagusa barabara ya magari. Ya pili ni kuwavusha watu upande wa pili, na hapo alama iwekwe kwenye kivuko kilicho kabla ya kizuizi, pale ukingo uliposhushwa. Usimwache mtu afike hadi kwenye rundo ndipo asome kwamba alipaswa kuvuka mita hamsini nyuma.

Utepe wa rangi mbili si kizuizi. Niliwahi kumwona mzee mwenye fimbo nyeupe akipita chini ya utepe uliofungwa usawa wa kiuno. Fimbo yake ilifagia sakafu kama kawaida, haikugusa utepe, na hatua iliyofuata goti lake lilikuwa kwenye kona ya matofali. Kizuizi kinachofaa kina ubao wa chini karibu na sakafu, ambao fimbo itaugusa, na ubao wa juu ambao mkono utaushika. Kiandike kwenye ombi lako kwa maneno hayo hayo.

Andika ombi

Hata pale penye fomu, ambatanisha barua fupi. Mfano:

*Kwa: Idara ya Barabara*

*YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUVUSHA VIFAA VYA BUSTANI JUU YA NJIA YA WAENDA KWA MIGUU*

*Mimi ni mmiliki wa kiwanja namba …, mtaa wa …. Ninaomba ruhusa ya kuvusha vifaa vya bustani juu ya njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya kiwanja hiki tarehe … na tarehe …, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tarehe ya akiba, mvua ikinyesha, ni ….*

*Vifaa ni udongo mita za ujazo 10 katika mifuko mikubwa, matofali mita za mraba 20 na kokoto mita za ujazo 2. Vitaletwa kwa malori … yenye uzito wa tani … kila moja yakiwa na mzigo. Malori yatasimama barabarani. Hakuna gari litakalokanyaga njia. Mzigo utavushwa kwa toroli juu ya mbao za ulinzi. Upana wa mita 1.2 utabaki wazi wakati wote, kama mchoro unavyoonyesha. Hakuna kitakacholala juu ya njia usiku.*

*Nimeambatanisha mchoro, picha za hali ya sasa na nakala ya bima. Msimamizi wa kazi ni …, simu ….*

Mchoro si lazima uchorwe na mtaalamu. Karatasi moja, kalamu na rula: geti, njia na upana wake, ukingo, lori linaposimama, vizuizi, mahali pa kupita watu, miti, nguzo, nyaya, mifuniko, na mshale wa kuonyesha magari yanatoka upande gani. Kila kipimo kiandikwe kwa mita.

Bima inayotakiwa ni ile ya madhara kwa watu wengine na mali zao. Mkandarasi wa bustani akisema anayo, omba nakala na usome tarehe ya mwisho na aina ya kazi inayogharamiwa. Ukifanya kazi mwenyewe, iulize kampuni inayokatia nyumba yako bima kama mizigo iliyo nje ya mpaka wa kiwanja inahusika, na jibu lao liwe kwa maandishi. Tena, mkubaliane mapema na mkandarasi ni nani mwenye jina kwenye kibali. Akiombea yeye, sharti uone kibali chenyewe kwa macho yako. Neno "nimeshashughulikia" halitakusaidia afisa akifika getini.

Ukisubiri jibu

Baada ya kuwasilisha, chukua namba ya ombi. Mkaguzi akitaka kuja kuona, uwepo mwenyewe, mwonyeshe mifuniko na nyufa ulizozipiga picha. Msambazaji wa udongo mwambie kwamba tarehe itathibitishwa kibali kikitoka, na umuulize anahitaji notisi ya siku ngapi.

Kibali kikija, kisome hadi mwisho. Mara nyingi kina saa za marufuku, hasa zile za watoto kwenda na kurudi shule, na sharti la kuwa na nakala mahali pa kazi. Mwisho wa matumizi ni tarehe, si kukamilika kwa kazi. Mvua ikiharibu ratiba, omba nyongeza kabla muda haujaisha, maana kibali kilichokwisha hakiongezwi, unaanza upya.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kwa kawaida ni gari kubwa mno, upana mdogo mno, au saa mbaya, na zote zina jawabu: malori madogo mengi badala ya moja kubwa, kuvushia njia ya gari iliyopo, kuhamishia kazi katikati ya siku, au kupitia kiwanja cha jirani kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Majirani waarifiwe siku tatu kabla, kwa karatasi yenye tarehe, saa na namba yako ya simu. Mgongee mlango wewe mwenyewe yule mwenye mtu mgonjwa au mlemavu nyumbani. Huenda siku hiyo gari la kumpeleka kliniki linakuja.

Siku ya mzigo

Vizuizi na alama viwekwe kabla lori halijafika. Juu ya njia tandika turubai, kisha plaiwudi ya milimita 18 au zaidi, zikiwa zimeunganishwa zisiteleze, na kingo zipigwe mteremko ili mtu asijikwae. Plaiwudi hulinda zege na mikwaruzo na hutawanya uzito wa toroli vizuri. Haitaliokoa chini ya ekseli ya tani 10. Kama umeruhusiwa kuvusha mtambo mdogo, tandika mabamba ya chuma au mikeka mizito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama kibali kitakavyoagiza.

Mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia watu tu, akiwa amevaa kizibao kinachong'aa. Hasukumi toroli, hashiki simu. Mpita njia akija, toroli inasimama, mtu anapita, kisha kazi inaendelea. Lori likirudi nyuma lazima liwe na mtu wa kuliongoza anayeonekana kwenye kioo cha dereva. Asipoonekana, dereva asimame.

Usirundike kitu chochote kwenye shina la mti wa mtaani. Mizizi inayopumua iko karibu na uso wa ardhi, na udongo ukishindiliwa mti huanza kufa taratibu bila kusema. Ziba mlango wa mtaro kwa mifuko ya mchanga ili udongo usiingie, na ukimaliza uiondoe. Usioshe njia kwa mpira wa maji kuelekea mtaroni. Kwangua, fagia pakiwa pakavu, beba.

Baada ya lori kuondoka

Fagia, ondoa mbao, piga picha upya kutoka sehemu zile zile ulizosimama mara ya kwanza. Kama kipande kimevunjika, toa taarifa siku hiyo hiyo, weka kizuizi, na usikipake saruji mwenyewe: mamlaka nyingi hutaka kipande kizima kikatwe na kumwagwa upya na mkandarasi wanayemtambua, na kiraka chako kitabomolewa kwa gharama zako. Zege jipya likimwagwa, likinge na uzito. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28.

Omba mkaguzi aje, na akiridhika akupe hati au ujumbe wa maandishi kwamba njia imerudishwa katika hali yake. Hati hiyo, pamoja na picha za kabla na za baada, ndiyo ya kupeleka kwenye dai la dhamana. Ukisharudishiwa fedha, weka nakala za vyote pamoja na hati za nyumba, hadi angalau msimu mmoja wa mvua kubwa uwe umepita juu ya njia hiyo.